Hifadhi za bahari za Australia na Waaborijini: heshima ya maneno au mamlaka juu ya maji?

Mleta uzi

Waungwana, Australia hutajwa mara kwa mara kama nchi ya kuigwa katika uhifadhi wa bahari. Hifadhi ya Great Barrier Reef peke yake, yaani miamba ya matumbawe ya pwani ya kaskazini mashariki, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ina ukubwa wa kilomita za mraba 344,400, na siku hizi ni vigumu kukuta taarifa rasmi ya hifadhi yoyote ya pwani isiyoanza kwa maneno ya heshima kwa Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hiyo. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona heshima hiyo, pamoja na uzuri wake, inafunika swali zito zaidi, nalo ni la mamlaka: ni nani mwenye haki ya kumwambia mgeni "hapa usivue", na haki hiyo inakomea wapi?

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa kinabeba karibu kila kitu. Mwaka 1996, katika ghuba iitwayo Blue Mud Bay, mashariki mwa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, mzee mmoja wa Wayolngu, Waaborijini wa eneo hilo, aligundua kambi ya siri ya wavuvi wa samaki aina ya baramundi walioingia bila ruhusa, na ndani ya gunia akakuta kichwa cha mamba kilichokatwa. Mahali penyewe, Garrangali, ni patakatifu pa ukoo wa Madarrpa, na kwa ukoo huo mamba, wanayemwita Bäru, ni mzazi wa kale aliyewaachia moto pamoja na sheria zao. Kwa macho ya serikali kosa lilikuwa uvuvi haramu; kwa Wayolngu lilikuwa kufuru iliyofanyika ndani ya nyumba ya ibada.

Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo huo na msanii anayejulikana, pamoja na wazee wengine, waliamua kujibu kwa kuchora. Wasanii 47 walitengeneza michoro 80 juu ya magome ya miti, kila mmoja akichora maji ambayo ukoo wake una dhamana nayo: mahali mto unapokutana na maji ya chumvi, njia walizopita wazazi wa kale chini ya bahari, miamba yenye majina na mipaka baina ya koo. Kwa kawaida nakshi hizo ni mali ya ibada na hazionyeshwi ovyo. Safari hii zilitolewa hadharani ili wageni wasiwe na kisingizio cha kusema hawakujua, na leo michoro hiyo inahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Bahari jijini Sydney. Wayolngu walikuwa wamekwisha kutumia njia hiyo mwaka 1963, walipoliandikia Bunge maombi yaliyobandikwa juu ya magome yaliyochorwa, wakipinga ardhi ya Yirrkala kutolewa kwa ajili ya machimbo ya boksiti bila wao kuulizwa.

Kutoka kwenye magome hoja ikaenda mahakamani. Sheria ya ardhi ya Northern Territory, eneo la kiutawala la kaskazini lenye Arnhem Land, ya mwaka 1976 ilikuwa imewarudishia Waaborijini ardhi mpaka mahali maji yanapoishia yakipwa, lakini serikali ilishikilia kwamba maji yanapojaa na kuifunika ardhi hiyo, mwenye leseni ya uvuvi ana haki ya kuingia. Baada ya kesi kupanda ngazi kwa miaka kadhaa, Julai 2008 Mahakama Kuu, ambayo kule ndiyo ya mwisho, iliamua kwa majaji watano dhidi ya wawili kwamba leseni ya uvuvi peke yake haitoshi. Anayeingia katika maji hayo anahitaji ruhusa ya wenye ardhi, maji yawe yamejaa au yamekupwa. Uamuzi huo uligusa takriban asilimia 80 ya pwani ya Northern Territory.

Hoja yangu ni kwamba kila hifadhi ya pwani inayodai kuenzi urithi wa Waaborijini ipimwe kwa kipimo hicho: je, mwenyeji anaweza kukataa, na akikataa, sheria inasimama naye? Karibuni.

Nahodha Mstaafu

Nimekusoma kwa utulivu, mwanangu, na nina maswali mawili. La kwanza ni la kibaharia. Kwa sisi tuliokulia pwani, eneo linalokauka maji yakipwa ni la kina mama wanaokwenda kutafuta pweza na chaza, nasi wenye vyombo tunatafuta riziki nje ya hapo. Mahakama inapompa mtu haki mpaka mwisho wa maji kupwa, kisha ikaiacha bahari ya nje kwa kila mtu, je, haijampa ua na kumnyima shamba?

La pili, zamani nilisikia kwamba sarafu za Kilwa ziliokotwa huko kaskazini mwa Australia. Sikuamini. Wewe uliyesoma habari zao, tuambie kama ni kweli.

Mleta uzi

Shikamoo, Nahodha. Maswali yako yote mawili yana uzito.

Kuhusu la kwanza, kaskazini mwa Australia ina maji makubwa ya bamvua, midomo mipana ya mito na misitu mirefu ya mikoko, na baramundi pamoja na kaa wa matope, ambao ndio wenye fedha, huvuliwa kwa sehemu kubwa katika maji hayo hayo yanayojaa na kupwa. Kwa hiyo uamuzi wa 2008 uligusa mfuko wa watu, na ndiyo sababu ulifuatiwa na miaka ya mazungumzo kati ya Baraza la Ardhi la Kaskazini, linalowawakilisha Waaborijini wenye ardhi, serikali na vyama vya wavuvi. Hata hivyo, wasiwasi wako ni wa haki kabisa ukivuka mstari huo. Mwaka 2001, katika kesi ya Kisiwa cha Croker iliyofunguliwa na Mary Yarmirr na wenzake, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba haki ya asili ya wenyeji juu ya bahari ipo, lakini ikasema si haki ya kuwazuia wengine: mwenyeji anavua, anasafiri, anatunza mahali pake patakatifu, na meli ya kampuni inapita na kuvua palepale. Wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait, ambao ni jamii tofauti na Waaborijini na ndiko alikotoka Eddie Mabo wa kesi maarufu ya 1992 iliyotambua haki ya asili ya wenyeji juu ya ardhi, walisogeza jambo hili mbele kidogo mwaka 2013, pale mahakama ilipokubali kwamba haki yao inajumuisha kuvua kwa ajili ya biashara. Nguvu ya kumfungia mtu bahari ya nje hawakupewa.

Kuhusu la pili, ni kweli. Mwaka 1944 askari wa rada wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, katika Visiwa vya Wessel, na miaka mingi baadaye zilipochunguzwa, tano zilitambuliwa kuwa ni sarafu za shaba za Usultani wa Kilwa, pamoja na nne za Kiholanzi. Sarafu za Kilwa ni nadra mno kupatikana nje ya pwani yetu, na namna zilivyofika kule bado inabishaniwa na wataalamu. Mimi sioni sababu ya kurukia hitimisho kwamba majahazi ya Kilwa yalitia nanga huko, kwa sababu sarafu hupita mikononi mwa wengi, nazo hizi zilikutwa pamoja na za Waholanzi waliokuja karne nyingi baadaye.

Wageni ambao habari zao zina ushahidi wa kutosha ni mabaharia wa Makassar kutoka Sulawesi, kisiwa cha Indonesia ya leo. Walikuwa wakishuka kwa pepo za msimu kila mwaka kuvua jongoo bahari, wakamchemsha, wakamkausha kwa moshi ufukweni na kumpeleka kwenye soko la China. Mwaka 1803 nahodha Mwingereza Matthew Flinders, akiizunguka Australia, alikutana na vyombo vyao karibu na Arnhem Land na kuzungumza na nahodha wao Pobassoo. Miti ya mikwaju waliyoiacha ingali imesimama kwenye fukwe walizopiga kambi, na neno *rrupiya* lingali likitumika kwa maana ya fedha katika lugha za Wayolngu. Biashara hiyo iliisha mwaka 1907 baada ya serikali kukataa kuwapa leseni. Nalitaja hili kwa sababu linahusu mada moja kwa moja: Wayolngu waliishi na wageni wa baharini kwa vizazi kadhaa kabla ya serikali ya Kizungu kujiona kuwa ndiyo mtoa ruhusa. Si watu waliokuwa wamejificha wasiojua biashara wala mipaka.

Mhifadhi Bahari

Nathamini uzi, lakini naomba nipinge. Mimi nafanya kazi ya uhifadhi, na katika pwani yetu nguva amekuwa adimu kiasi kwamba kijana wa leo anamjua kwa hadithi. Australia ina nguva wengi kuliko nchi yoyote duniani, na bado sheria inaruhusu Waaborijini kumwinda, pamoja na kasa, hata ndani ya Great Barrier Reef. Inakuwaje hifadhi ikawa hifadhi huku mnyama anayehifadhiwa anapigwa chusa? Utamaduni tuuheshimu, lakini nguva huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa, na wawindaji siku hizi wana mashine na boti za alumini.

Mleta uzi

Ndugu Mhifadhi, pingamizi lako si geni, na wapo Waaborijini wanaolitoa wao wenyewe. Kifungu cha 211 cha sheria ya haki za asili ya mwaka 1993 kinamlinda mwenyeji anayewinda au kuvua kwa mahitaji yake binafsi, ya nyumbani au ya jamii yasiyo ya biashara, katika eneo ambalo ana haki ya asili. Hakimpi ruhusa ya kuuza nyama.

Lakini tuangalie ni nini kilichopunguza nguva katika pwani yenye watu wengi ya Queensland, jimbo linalopakana na Great Barrier Reef. Tangu mwaka 1962 nyavu zilizotegwa kuwakinga waogeleaji dhidi ya papa zilinasa na kuzamisha nguva wengi. Jarife za kibiashara zilifanya kazi hiyo hiyo, na ni mwaka 2023 tu ambapo serikali zilitangaza kuziondoa ndani ya eneo la Urithi wa Dunia ifikapo 2027. Mafuriko na vimbunga hufunika nyasi za bahari kwa tope, na nguva hana chakula kingine. Mwindaji mwenye chusa anaonekana kwa macho na hupigwa picha. Tope linalotoka kwenye mashamba ya miwa halina sura.

Tena, wapo walioweka mipaka wao wenyewe. Zipo jamii takriban 70 za wenyeji katika eneo la Great Barrier Reef, na tangu mwaka 2005, Girringun wakiwa wa kwanza, baadhi yao wamefunga makubaliano ya matumizi ya kimila ambamo wazee ndio wanaopanga nani awinde, wapi na wangapi, na yapo makubaliano ambayo wenyeji wamejinyima uwindaji wa nguva kabisa. Udhaifu ninaouona ni mwingine: makubaliano hayo hayana nguvu mpaka yaidhinishwe na Mamlaka ya hifadhi na serikali ya Queensland. Mzee anaweza kumzuia kijana wa ukoo wake, lakini hana mamlaka juu ya boti ya mtalii. Mwaka 2004, maeneo yasiyovuliwa yalipopanuliwa kutoka chini ya asilimia 5 mpaka asilimia 33 ya hifadhi, ramani ilichorwa kwa vigezo vya kisayansi vya makazi ya viumbe, na mipaka ya koo haikuwa msingi wake.

Wakili wa Pwani

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa kuwa naona mjadala umeegemea kaskazini, ambako Waaborijini wana ardhi nyingi. Kusini mashariki mambo ni magumu zaidi.

Hifadhi ya Booderee, katika ghuba ya Jervis Bay, ndiyo inayosifiwa zaidi. Mwaka 1995 ardhi yake ilirudishwa kwa Baraza la Jamii ya Waaborijini wa Wreck Bay, ambalo papo hapo liliikodisha kwa Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa kwa miaka 99. Bodi ina wajumbe wengi Waaborijini, na bustani ya mimea iliyomo ndani yake inamilikiwa na jamii hiyo. Ni hatua kubwa, sibishi. Lakini tazameni masharti: ardhi ilirudi pamoja na mkataba wa kuikodisha kwa karibu karne nzima. Na umiliki haukuwakinga dhidi ya jirani yao, kwani kemikali za povu la kuzimia moto lililotumika katika vituo vya jeshi la majini vya eneo hilo ziliingia kwenye vijito ambavyo wakazi walikuwa wakivua na kuogelea, na shauri lao dhidi ya serikali kuu lilimalizwa mwaka 2023 kwa fidia ya dola za Australia milioni 22.

Nje ya Booderee, pwani yote ya kusini ya jimbo la New South Wales, kuna habari ya abaloni, yule konokono wa bahari ashikaye miamba, ambaye Waaborijini wa huko wamempiga mbizi tangu enzi, na makombe yake yamejaa katika malundo ya kale ambayo sheria inayalinda kama urithi. Mzungu alipogundua kwamba abaloni anauzika Asia, zikaja leseni, viwango na doria. Waaborijini wa pwani hiyo wameshtakiwa, wametozwa faini, na wengine wamefungwa kwa kuchukua zaidi ya idadi inayoruhusiwa. Mwaka 2009 Bunge la jimbo lilipitisha kifungu cha kuwatambua wavuvi wa kimila. Kamati ya Bunge ilipolichunguza suala hilo mwaka 2022, yaani miaka 13 baadaye, kifungu kilikuwa bado hakijaanza kutumika kwa sababu hakikutangazwa. Kwa hiyo lundo la makombe linalindwa, na mjukuu wa waliolirundika anapelekwa kortini.

Mleta uzi

Wakili msomi, hapo umegusa jambo ambalo nilitaka kulileta kwa mlango mwingine.

Magharibi, katika visiwa vya Dampier, ipo Hifadhi ya Taifa ya Murujuga, iliyotangazwa mwaka 2013, ambayo ardhi yake ni ya Shirika la Waaborijini la Murujuga na kukodishwa tena kwa serikali ya jimbo. Inakadiriwa kuwa na michoro zaidi ya milioni moja iliyochongwa kwenye mawe, na Julai 2025 iliingia katika Urithi wa Dunia, huku viwanda vya gesi na mbolea vikiwa vinaonekana kutoka kwenye michoro yenyewe. Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, kiko chini ya maji. Mwaka 2020 watafiti, wakishirikiana na shirika hilo, walichapisha taarifa ya zana 269 za mawe zilizokutwa chini ya bahari katika mkondo wa Cape Bruguieres, zikiwa na umri usiopungua miaka 7,000, na nyingine moja katika chemchemi ya maji baridi iliyozama kina cha mita 14, yenye miaka isiyopungua 8,500. Sababu inaeleweka: wakati barafu ilipokuwa imetanda duniani, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 120, na pale panapopita meli leo palikuwa na makazi, chemchemi na viwanja vya kuwinda. Koo nyingi za pwani bado zina masimulizi ya maji yaliyopanda na kuwafukuza wazee wao.

Sasa ipime sheria. Sheria ya urithi wa chini ya maji ya mwaka 2018 inalinda moja kwa moja kila meli iliyozama miaka 75 au zaidi iliyopita, hata kama ni mashua duni ya mizigo ambayo hakuna anayeikumbuka. Zana za Waaborijini zilizozama miaka 7,000 iliyopita hazina kinga hiyo. Zinamsubiri waziri atoe tamko mahususi. Aliyeandika sheria alifikiri urithi wa baharini ni chombo kilichoshuka kutoka juu, na hakumfikiria mtu aliyekuwa akiishi pale kabla ya maji kufika.

Mhifadhi Bahari

Nimekubali hoja ya tope na jarife, ila sijaridhika na boti za mashine. Hata hivyo, niulize: je, kuna utaratibu wowote kule unaouona unakaribia haki, au kila mmoja una kasoro?

Mleta uzi

Upo ninaouona bora kuliko mingine, nao ni wa Dhimurru, kando ya mji wa machimbo wa Nhulunbuy. Wazee wa Kiyolngu waliunda shirika hilo mwaka 1992, baada ya kuchoshwa na wakazi wa mji waliokuwa wakizifanya fukwe zao uwanja wa magari, na mwaka 2000 wakatangaza eneo lao kuwa hifadhi ya wenyeji, ya kwanza ya aina hiyo nchini kujumuisha bahari. Tofauti yake na hifadhi ya serikali ni kwamba wenye ardhi ndio waliojitangazia kwa hiari na kuandika mpango wa usimamizi, kisha serikali ikauunga mkono. Anayetaka kwenda kwenye fukwe hizo huomba kibali kwa Dhimurru, na walinzi wao wenyewe ndio wanaofanya doria na kuwanasua kasa kutoka kwenye nyavu zilizotelekezwa ambazo mikondo huzileta kutoka bahari za jirani.

Kasoro yake, Ndugu Mhifadhi, ni mbili. Eneo la bahari ya nje bado liko chini ya sheria ile ile ya kesi ya Croker, kwa hiyo nje ya mstari wa maji kupwa mlinzi wa Kiyolngu anaweza kumwomba mvuvi aondoke lakini hawezi kumwamuru kwa haki ya ukoo wake. Na sehemu kubwa ya fedha za mishahara hutoka serikali kuu kwa mikataba ya miaka michache michache, ambayo kila inapokwisha hubidi iombwe upya.